Anayetembea Nyuma

Jumamosi asubuhi stendi ya mabasi haina adabu. Makondakta wanagombania abiria, watu wanakanyagana, mizigo inapita juu ya vichwa. Katikati ya vurugu hiyo, chini ya mwavuli mkubwa wa kijani, binti mmoja aliketi kwenye cherehani yake akishona mabegi. Mtu alimletea begi lililopasuka, akaondoka nalo likiwa zima kabla basi halijapiga honi. Siku hiyo alivaa gauni la manjano lililomkaa sawasawa, na utepe wa kupimia aliuning'iniza shingoni kama mkufu.

Mwanamume mrefu alimjia mbio, koti la mvua kiunoni, viatu vya kupandia milima vimeganda tope.

"Dada yangu, niokoe! Mkanda wa begi umekatika na wageni wangu wako garini."

"Kwenu hakuna salamu?"

"Zipo. Hujambo, habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi. Sasa niokoe."

Fundi alicheka bila kutaka. Akalivuta begi, likamshinda uzito.

"Umebeba nini humu, mawe?"

"Mawe nayafuata huko huko. Humu mna maji, dawa, na chakula cha watu wanaosema hawana njaa."

Alikuwa anaongoza wageni kwenye milima iliyo juu ya mji, ambako zamani sana barafu ilitiririka polepole kama mto, ikachimba mabonde, kisha ikayeyuka na kuacha maziwa na mawe. Jioni alirudi kumwonyesha fundi jinsi mkanda ulivyoshika. Wiki iliyofuata zipu ya koti iliharibika. Baada ya hapo kikaja kifungo.

"Hiki kimekatwa kwa kisu," alisema fundi.

"Milimani kuna upepo mkali sana."

"Upepo wenye kisu?"

"Nipe namba yako ya simu, nitakueleza taratibu."

Akapewa. Tangu hapo kila alipofika mahali penye mtandao alipiga simu.

"Niko juu ya ziwa. Maji yake ni ya kijani kama mwavuli wako."

"Niache na mwavuli wangu."

"Kweli! Barafu ilikaa hapa ikachimba bakuli, ilipoyeyuka maji yakabaki humo humo. Nitakuleta uone, mpenzi."

"Mpenzi nani?"

"Limenitoka tu."

"Basi lisirudi ndani," fundi alisema, na mteja aliyekuwa anasubiri begi lake akashangaa kwa nini fundi anaichekea sindano.

Walipendana, wala sina haja ya kuzungusha maneno. Lakini bwana huyu alikuwa na jambo moja. Katika kazi yao waongozaji huenda wawili wawili: mmoja mbele kuonyesha njia, mwingine nyuma kabisa ili mtu asiachwe. Yeye alikuwa wa nyuma kwa miaka mingi. Akitazama visigino vya mtu tu, anajua nani kachoka na nani kiatu kinambana. Hata mjini miguu yake ilifanya hivyo hivyo. Wakitoka mkahawani, yeye hatua mbili nyuma ya mpenzi wake. Wakivuka barabara, hatua mbili nyuma. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe, kumweka mtu mbele ya macho yake. Angemweleza, yangekwisha. Lakini nani anakumbuka kueleza jinsi anavyopumua?

Fundi naye alikuwa na kidonda chake. Aliwahi kumpenda mwanamume ambaye barabarani hakukubali kuonekana naye bega kwa bega, mpaka siku alipogundua kuwa ana mke na watoto mtaa wa pili. Tangu siku hiyo aliapa kuwa hatafichwa tena. Sasa kila akipunguza mwendo ili huyu wa sasa amfikie, naye anapunguza. Akisimama, naye anasimama.

"Kuna mtu unamkwepa hapa mjini?" alimuuliza siku moja.

"Mimi? Nimkwepe nani?"

"Wewe ndiye unayejua."

Bwana akacheka, akidhani anataniwa.

Mambo yaliharibikia sokoni. Fundi alilelewa na shangazi yake, mama wa miraba minne aliyepikia wagonjwa wa hospitali kuu, na sauti yake ilitosha wodi zote. Shangazi alikuwa anachagua nyanya alipomwona mtoto wake anapita, na nyuma yake jitu refu limemkazia macho. Hakuuliza. Aliinua mwavuli wake na kuushusha begani mwa lile jitu.

"Mwizi! Unamfuata mwanangu!"

"Shangazi, acha! Ni yeye!"

"Yeye nani?"

"Yule niliyekwambia... mwenzangu."

Shangazi akampima kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Huyu ndiye mchumba? Mbona anakufuata kama askari kanzu?"

Soko zima likaangua kicheko. Bwana mwenyewe alicheka, huku akisugua bega. Fundi hakucheka. Uso ulimwaka moto kwa aibu, na kidonda cha zamani kikafunguka upya.

Jioni simu iliita.

"Mpenzi, bega limevimba, lakini shangazi yako nimempenda!"

"Unaona aibu kutembea na mimi."

"Nini?"

"Tangu tujuane hujawahi kutembea pembeni yangu. Hata siku moja."

"Sikiliza, mimi huwa nakaa nyuma kwa sababu..."

"Kwa sababu ukikutana na anayekujua, useme hunijui. Nilishafichwa mara moja, bwana. Sifichwi tena."

Akakata simu, akaizima. Bwana alibaki amekodolea macho miguu yake, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kesho yake alikwenda stendi na begi lililochanika kweli. Fundi alilishona bila kuinua kichwa.

"Tayari, mteja. Karibu tena."

Neno hilo mteja lilimuuma kuliko mwavuli. Akajikokota kwenda zake.

Shangazi alikuwa na sauti kubwa, lakini macho pia alikuwa nayo. Aliona sahani ya mwanawe inarudi jikoni na chakula chote. Aliona cherehani ya nyumbani imefunikwa. Bahati nzuri alikuwa anastaafu, na wenzake wa jikoni walitaka kumpeleka matembezi ya kumuaga.

"Nataka nione hayo mabonde ya barafu," aliwaambia.

"Shangazi, na magoti yako?" aliuliza fundi.

"Magoti yangu nayajua mwenyewe. Wewe utabeba kikapu."

Hakusema alikwenda kuandikisha safari hiyo kwa akina nani. Fundi alijua pale aliposhuka kwenye basi dogo na kumwona bwana wake wa zamani amesimama na filimbi shingoni. Walisalimiana kama watu waliokutana foleni ya benki.

Mwongozaji wa mbele, mwanamke mfupi mchangamfu, alipiga makofi. "Karibuni, akina mama! Mtafuata nyayo zangu. Huyu mwenzangu ni wa mwisho, na hakuna anayetembea nyuma yake. Hata mkimbembeleza vipi, hakubali kumpa mtu mgongo. Hata tukienda kula mjini ananifuata nyuma, nimeshamzoea!"

Akina mama wakacheka. Fundi alikishika kikapu kwa nguvu.

Wakaingia bondeni. Lilikuwa pana, sakafu yake tambarare na kuta zake zimesimama pande zote mbili kama za karai. Njiani kulikuwa na miamba iliyochorwa mistari mirefu, yote ikielekea upande mmoja. Shangazi aliinama akaipapasa.

"Nani kakwaruza hivi? Kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga!"

"Barafu, mama," alisema yule wa nyuma. "Ilikuwa nene kuliko maghorofa ya mjini. Ilishuka na mawe yamenasa chini yake, ikawa inasugua hivyo hivyo miaka na miaka."

Wengine walitangulia. Shangazi alizidi kuchelewa, fundi na kikapu hatua chache mbele yake.

"Kijana, pita basi. Au unaogopa mwavuli? Nimeuacha nyumbani."

"Siwezi, mama. Nikipita sitakuona ukichoka. Umeanza kuburuta mguu wa kushoto tangu pale darajani."

Shangazi akasimama. "Na mwanangu kule mjini, naye huwa anachoka?"

Bwana alitazama visigino vya fundi kule mbele. "Mama, sijui namna nyingine ya kutembea na mtu ninayempenda. Hata sikujua nafanya hivyo mpaka aliponikatia simu."

Fundi hakugeuka, lakini alipunguza mwendo asikose neno.

Walipumzika kwenye jiwe kubwa jekundu, kubwa kama nyumba, limekaa peke yake katikati ya mawe ya kijivu. Akina mama walipiga picha upande wa jua. Wapenzi wetu wawili wakajikuta upande wa kivuli.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulizima simu."

"Ungeng'ang'ania!"

"Nilikuja mpaka stendi, ukaniita mteja."

"Nilikuwa na hasira. Nilidhani unanificha."

"Nikufiche? Mimi ninayekutazama kama mtu aliyebandika maziwa jikoni?"

Fundi akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo.

Bwana aliweka kiganja kwenye jiwe. "Hili si la hapa. Barafu ililibeba kutoka mbali, ikalitua, ikaenda zake. Mimi sitaki kukutua popote, mpenzi wangu. Nataka kukuoa."

"Na huko kwenye ndoa utakuwa nyuma pia?"

"Nitajifunza."

"Mimi nataka mtu wa pembeni. Nikigeuza shingo nimwone. Hilo tu, mengine nitakuvumilia."

Wakati wa kurudi bonde lilikuwa tambarare na basi linaonekana kwa mbali. Bwana alijaribu kweli. Alikwenda hatua chache pembeni ya fundi, akageuka. Akaenda tena, akageuka tena. Jasho lilimtiririka, na shati likamganda mgongoni.

"Shangazi yako yuko nyuma peke yake," alisema kwa unyonge. "Siwezi."

Fundi alikubali kwa kichwa, moyo ukimshuka. "Basi rudi. Kazi ni kazi."

Shangazi alikuwa anawatazama. Akawafikia, akaivua ile filimbi shingoni mwa bwana na kujivika mwenyewe.

"Nendeni. Wa nyuma leo ni mimi."

"Mama, magoti..."

"Magoti hayatazami. Macho ndiyo yanatazama. Nimelisha wodi nzima na hakuna aliyewahi kulala njaa, nitashindwa na nyinyi wawili? Nendeni!"

Wakaenda, bega kwa bega, kama watoto wanaojifunza kutembea. Baada ya muda mkono wa bwana ukautafuta mkono wa fundi, ukaupata. Gauni la manjano, lile lile la siku ya kwanza, lilipepea likagusa viatu vya tope. Fundi aligeuza shingo, akamwona.

Bwana naye akaanza kugeuka nyuma, kidogo tu, kwa mazoea.

Filimbi ililia mpaka bonde likaitikia.

"Tazama mbele, mkwe!"