Paka Mwenye Godoro

Kila siku baada ya shule, Kamikazi alikaa nyuma ya cherehani ya mama yake katika soko la Kimironko, jijini Kigali, akachora. Mama yake, Jovina, alikulia Bukoba, na wawili hao walizungumza Kiswahili. Ijumaa jioni mama alimwazima simu, naye Kamikazi akaweka mtandaoni katuni yake ya mbuzi mvivu, sehemu moja kila wiki. Wasomaji walikuwa wachache, wengi wao wateja wa mama.

Kisha akachora picha ya umuganda, siku ya usafi wa pamoja. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima unafyeka nyasi na kuzibua mitaro, na mbuzi ameegemea jembe, mdomo umejaa majani. Chini yake aliandika: "Mimi nasimamia."

Kila mtaa wa Kigali una mtu wa namna hiyo. Watu walicheka, kisha wakaanza kuichora upya. Jembe lilibaki na maneno yalibaki, lakini mbuzi aliondolewa. Mmoja aliweka shemeji yake, mwingine kipa wa timu yake. Utaratibu wa mchezo huo unajulikana: unaweka picha ya kwanza kando ya yako na kumtaja aliyeichora.

Natacha hakutaja. Alisoma darasa moja na Kamikazi, na alimwona akimchora mbuzi huyo wakati wa mapumziko. Yeye alichora paka mwenye miwani, akaandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa. Paka akasambaa kuliko mbuzi. Muda si mrefu watu walikuwa wakimchora upya paka, na mbuzi hakuna aliyemkumbuka.

Ndipo Mwalimu Kipchumba, Mkenya aliyefundisha Kiswahili na kusimamia kikundi cha sanaa, akatangaza kwamba ukuta mpya wa maktaba utachorwa na Natacha. Kamikazi aliutamani ukuta ule tangu ulipokuwa matofali matupu.

"Paka amekushinda, rafiki," Ntare alimnong'oneza kutoka dawati la nyuma. "Rudi ukachunge mbuzi."

Kamikazi akamfuata Natacha mlangoni. "Unajua picha ile ni yangu."

"Una cheti cha serikali?" Natacha akajibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Kamikazi angeweza kwenda kwa mwalimu siku ile ile. Hakwenda. Mwalimu angemlazimisha Natacha aombe radhi, na radhi isingemtosha. Alitaka Natacha aumie.

Alijua pa kumpiga. Natacha aliwaambia wote kwamba anaishi Rebero, mtaa wa matajiri mlimani, katika nyumba yenye geti jeusi. Lakini Kamikazi, alipotumwa kupeleka gauni mtaa wa Nyakabanda, alimwona akiingia na dumu la maji katika chumba cha kupanga. Mteja wa gauni alimwambia kwamba baba wa msichana yule amepoteza kazi, na familia imehamia pale.

Kamikazi akamchora paka yule yule mwenye miwani, amebeba godoro kichwani na dumu mkononi, anateremka kutoka Rebero. Chini akaandika: "Mimi bado wa Rebero." Aliiweka kwenye ukurasa mpya usio na jina la mtu. Usiku huo alilala vizuri.

Picha ikasambaa kama moto. Watu wakaichora upya kwa kuku, kwa twiga, na mwishowe mtu akachora msichana mwenye sura ya Natacha, na sare ya shule. Ntare alichora dumu ubaoni. "Bibi Rebero, kwenu maji yametoka?"

Natacha alichukua mkoba wake akaondoka. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Kamikazi aliona amelipwa. Sasa alitaka ukuta.

Alimpelekea Mwalimu Kipchumba michoro yake yote. "Mbuzi ni wangu, Mwalimu. Tazama kivuli. Mimi natumia kalamu ya wino, kwa hiyo natia kivuli kwa mistari inayokatana. Natacha hutumia penseli, anapaka kwa kidole."

Mwalimu alitazama kwa makini. "Kweli. Mbuzi ni wako."

Kisha akatoa simu yake, akaonyesha paka mwenye godoro. "Na huyu? Kivuli chake kimetiwa kwa mistari inayokatana."

Kamikazi akaanza kukusanya michoro yake.

"Nilikuwa sijui ni nani," mwalimu alisema. "Umenionyesha wewe mwenyewe."

"Yeye ndiye aliyeanza, Mwalimu."

"Alianza, na nitamwambia hivyo mbele ya darasa. Lakini yeye alikuchukulia mchoro. Wewe umemchukulia shule. Mama yake amenipigia simu. Natacha anataka apelekwe kwa bibi yake kijijini, hataki kurudi hapa."

Jioni ile, baada ya mwalimu kumpigia simu, Jovina alifunga kibanda mapema, akampeleka binti yake Nyakabanda. Natacha alisimama mlangoni, hakuwakaribisha ndani.

"Nisamehe," Kamikazi alisema. "Nitaifuta leo hii."

"Usifute. Kila mtu anayo tayari. Itie jina lako." Natacha hakupaza sauti. "Mbuzi alikuwa wako, nilijua, na nitasema. Na wewe sema paka huyu ni wa nani."

Kamikazi alimgeukia mama yake, akitumaini atamtetea. Jovina alimpa simu.

Aliandika jina lake lote juu ya picha, na chini yake: "Nilichora hii ili kumuumiza mwenzangu. Tafadhali msiichore tena." Akaiweka kwenye ukurasa wa mbuzi wake. Kabla hawajafika nyumbani matusi yalikuwa yamejaa. Wengine walifuta michoro yao. Wengine walianza kumchora yeye.

Natacha alimweka mbuzi kando ya paka wake, na jina la Kamikazi juu yake. Wiki iliyofuata alirudi shuleni. Hakumsalimia Kamikazi. Ukuta wa maktaba alipewa Christella, wa darasa jingine.

"Mbuzi alikuwa wangu, Mama," Kamikazi alilia sokoni. "Na ukuta nimekosa."

Jovina alisimamisha cherehani. "Ulikuwa na haki, mwanangu. Ungekwenda kwa mwalimu siku ya kwanza, sasa hivi ungekuwa na rangi mikononi. Uliacha haki yako ukakimbilia kisasi, na kisasi kimekula haki na ukuta. Kuanzia leo, kazi unayoona haya kuitia jina lako, usiifanye."