Cheche Anataka Kutoka Wodini

Kwetu kelele haziishi. Mama ni fundi cherehani, na mashine yake inalia mlangoni tangu asubuhi. Kaka yangu anachomelea milango na madirisha ya vyuma, ndiyo maana mtaani wanamwita Cheche. Mimi nauza dukani, na subira sina. Afadhali mjue mapema.

Ghafla Cheche aliacha kwenda kazini. Homa ilimpanda, jasho likamtoka, kisha akatetemeka.

"Malaria hiyo," Mama alisema, akanunua vidonge.

Homa ilishuka, ikarudi. Miguu ikavimba. Akitembea kidogo tu, anahema. Nyumbani wote tulijua kwamba anajidunga unga. Hakuna aliyethubutu kulitamka.

"Twende hospitali," nilisema.

"Ngoja kwanza!" Mama akaketi kwenye cherehani, akamshonea shati la mikono mirefu, lenye vifungo vya kubana. "Wakiyaona makovu yake watamtupa nje kama takataka."

Jamani! Mtu pumzi zinamwishia, na mama yake anapima kitambaa!

Tulipofika akalazwa. Wodini daktari aliuliza, "Kuna kitu anachotumia? Pombe, sigara, dawa za kulevya?"

Mama akadakia, "Mwanangu huyu? Hata sigara haijui!"

Cheche alitazama ukuta.

Kesho yake hakutulia hata kidogo. Alipiga miayo, kamasi zikamtoka, tumbo likamkata. Alikaa, akasimama, akalala, akasimama tena. Mwisho akashika mpira wa dripu auchomoe.

"Naondoka! Nitakufa humu!"

Mama akaziba mlango. "Hutoki! Labda uniue kwanza!"

Muuguzi wa kitengo cha uraibu alikuwa akipita. Nilimvuta mkono. "Dada, huyu anajidunga. Tumeficha vya kutosha. Mimi nimechoka."

"Wewe mtoto, mdomo wako!" Mama alifoka.

Muuguzi hakufoka. Alikaa kitandani, akamuuliza Cheche taratibu, "Arosto imekushika tangu lini?"

Kumbe mateso yale yote yalikuwa ya kukosa unga. Cheche akaangua kilio. "Tangu jana. Niliogopa mtanifukuza."

"Tukikufukuza wewe, tutamtibu nani?"

Baada ya vipimo, walikuja pamoja: daktari wa moyo, daktari wa maambukizi, daktari wa upasuaji, ofisa ustawi wa jamii na muuguzi yule. Walizunguka kitanda.

"Zamani kila mmoja alikuja kivyake," muuguzi alieleza. "Huyu anasema hivi, yule vile. Mgonjwa anachanganyikiwa, anatoroka. Siku hizi tunapanga pamoja, na mgonjwa akiwepo."

Daktari wa moyo akasema, "Moyo una vilango vidogo. Tunaviita vali. Sindano chafu imeingiza vijidudu kwenye damu, vikaenda kukaa kwenye vali moja. Ndiyo maana unapata homa na kuvimba."

"Kama kutu kwenye bawaba," Cheche alinong'ona.

"Umeelewa vizuri."

"Utapewa dawa ya mshipani kwa wiki sita," alisema daktari wa maambukizi. "Ukiacha katikati, vijidudu vitarudi na kuila vali. Watu wanakufa hivyo."

"Na dawa ikishindwa, nipo," alisema daktari wa upasuaji.

Cheche alishika kichwa. "Wiki sita! Na arosto je?"

"Hiyo niachie mimi," muuguzi alisema. "Utakunywa dawa iitwayo methadoni kila siku. Tukiipima vizuri, inatuliza arosto bila kukulewesha."

Mama akakunja uso. "Huko si kutoa ulevi na kuingiza ulevi?"

"Mama, mwenye presha anameza kidonge kila siku. Tumwite mlevi?"

Mama akasogea karibu, akaomba aelezwe tena. Mama yangu huyu!

Lakini mambo hayakutulia palepale. Siku chache baadaye nilikuta kitanda kitupu. Mimi na Mama tulikimbia hadi getini, muuguzi nyuma yetu. Cheche alikuwa ameshika nondo za geti, jasho linamchuruzika.

"Mkamateni!" Mama alilia. "Mnyang'anyeni viatu na suruali, tuone atakwenda wapi!"

"Hapana, Mama. Kumfungia si kumtibu." Muuguzi akamgeukia Cheche. "Dozi haikutoshi?"

"Inaisha mapema. Mwili wote unawaka."

"Ungeniambia. Turudi, daktari aitazame upya."

Cheche alitazama barabara. Tukangoja. Nilitaka kupiga yowe, nikauma ulimi. Kisha akageuka mwenyewe, akarudi wodini.

Waliongeza dozi kidogo kidogo. Akaanza kula. Akaanza kulala. Ofisa ustawi akaongea na bosi wa Cheche, kazi ikamsubiri. Nasi tulifundishwa: akiteleza siku moja akajidunga tena, asichangie sindano na mtu kamwe. Akipata homa, aje hospitali haraka na aseme ukweli, si kumeza vidonge vya kubahatisha.

Wiki sita zilipotimia, daktari wa moyo alikisikiliza kifua chake, akatazama vipimo vipya, akatabasamu. "Vijidudu vimekwisha. Vali imestahimili, hatupasui. Tutakuwa tunakuangalia kliniki. Leo nenda nyumbani."

Muuguzi akachomoa mpira mkononi, akabandika pamba. Cheche hakuinuka.

"Si ulikuwa unataka kutoka?" nilimtania. "Haya, geti liko wazi!"

Alimtazama muuguzi. "Methadoni ya kesho, nije saa ngapi?"

Mama akajifunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti, wodi nzima ikasikia.