Supu ya Mifupa ya Kamanda

Jamani, mbwa wangu Kamanda alianguka mlangoni pa banda la nguruwe, mdomo umejaa damu, ananitazama tu...

Nikajua moja kwa moja: Amoni kaniua.

Ngoja niwaeleze. Mimi Gwantwa ni mjane, naishi hapa Tunduma na mama mkwe na mwanangu Ipyana. Nguruwe ndio ada, ndio unga. Na wezi wa huku hawana huruma! Bila Kamanda, banda lingebaki tupu zamani.

Kumlisha hakukunitesa. Amoni wa buchani alikuwa ananiwekea mapafu, makoromeo na mifupa mibichi yenye vinyama, bei ya kutupa. Mbwa akanawiri.

Sasa ghafla anatapika damu...

Nikampakia kwenye toroli mpaka buchani, wateja wamejaa.

"Amoni, umempa mbwa wangu sumu? Wezi ndio wamekutuma?"

Aliweka kisu chini, akapiga magoti, akamwingiza Kamanda vidole kooni. Akatoa kipande cha mfupa chenye ncha kama kigae.

"Mama Ipyana, mimi nilikupa mibichi."

"Kwani huo si wako?"

"Mbichi mbwa anautafuna vizuri. Huu umechemshwa, ndiyo maana umepasuka hivi. Nani kauchemsha?"

Bwana mifugo aliitwa, akampapasa tumbo, akatikisa kichwa. Utumbo ulikuwa umetoboka. Kamanda akafia kwenye toroli, kichwa chake mkononi mwangu.

Nikarudi nyumbani, nikamkuta mama mkwe jikoni.

"Mama, mifupa ya mbwa uliifanyaje?"

"Niliichemsha, mwanangu. Mbwa akizoea damu, kesho atamgeukia mjukuu wangu. Supu tukanywa, mifupa nikampa."

"Supu ipi?"

"Ya asubuhi. Si wewe uliyeomba bakuli la pili?"

Niliisifu ile supu, jamani, na sikuuliza hata nyama imetoka wapi.

Kaburi alichimba Amoni, yule yule niliyemwita muuaji mbele za watu. Hakunikumbusha neno hata moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mnaofuga, mbwa mpeni mfupa mbichi, uliochemshwa muutupe mbali. Na ulizeni kwanza jikoni kwenu kabla hamjapeleka toroli kwa mtu.

Banda sasa nalilinda mwenyewe, na rungu.