Ngazi Ishirini na Tatu

Kila siku, kabla mtu mwingine yeyote hajafumbua macho, yeye alikuwa ameshatandika kitanda, ameshapiga mswaki, na ameshaisoma karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Aliiandika mwenyewe kwa rula na kalamu za rangi tatu. Ilionyesha nani anaosha vyombo siku gani, nani anafagia uwanja, na hata mdogo wake anatakiwa kuoga saa ngapi. Ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Bi Ratiba, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Mdogo wake, mwenye miaka saba, naye alikuwa na jina lake: Kwanini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa jina hilo lilitoka wapi.

"Kwa nini Jumatano naoga saa kumi na moja na Alhamisi saa kumi na mbili?" aliuliza asubuhi moja, akiitazama karatasi huku akijikuna tumbo.

"Kwa sababu Alhamisi unacheza mpira. Ukioga kabla ya mpira ni kazi bure."

"Sasa kwa nini nisioge Jumamosi tu, yakaisha?"

Bibi alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. Bibi huyu alikuwa mama mzaa mama, fundi cherehani mstaafu, na aliishi nao. Miezi miwili nyuma alikuwa amepasuliwa goti. Daktari alimruhusu kutembea kwa mkongojo, lakini alimkataza ngazi kabisa.

Mama yao alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Kwa miaka mitatu hakuwa amepata likizo ya maana, kwani kila alipokaribia kupumzika, simu ililia. Shule zilipofungwa, alipewa siku saba zake mwenyewe. Siku aliyoleta habari hiyo, aliingia ndani akiimba.

"Tunakwenda kwa baba yenu," alisema.

Baba alikuwa mchomeleaji. Alifanya kazi kwenye ujenzi wa daraja, mwisho kabisa wa barabara ya pwani, na hawakuwa wamemwona kwa miezi minne.

"Tutakwenda kwa gari letu, polepole, tukiifuata bahari," Mama aliendelea. "Tutasimama palipo pazuri. Tutalala njiani mara mbili. Siku ya tatu tutamkuta Baba. Na Bi Ratiba, mpango wote nakuachia wewe."

"Wote, Mama?"

"Wote. Ila nisikilize vizuri. Nyumba za wageni ni mbili, namba zake hizi hapa. Zipigie simu, uulize swali moja kubwa: kuna chumba cha chini kwa ajili ya Bibi? Cha juu hatukitaki. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Alifanya kazi kama mtu aliyeajiriwa. Alichora barabara kwenye daftari, akaweka alama mahali pa kusimama: mashamba ya chumvi, jabali lenye pango linalotema maji, na mnara wa taa za kuongozea meli. Alipiga simu nyumba ya kwanza, akajibiwa vizuri. Chumba cha chini kipo. Akaweka alama ya vema kwa wino mwekundu.

Akapiga nyumba ya pili, iliyokuwa karibu na mnara. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Kimya. Wakati huohuo rafiki zake wakamwita kutoka nje. Timu ya rede ilikuwa imepungukiwa mtu mmoja. Aliitazama ile nafasi tupu kwenye daftari. Ukurasa mzima ulikuwa unapendeza, isipokuwa hapo tu. "Nitapiga kesho," alijiambia. Akaweka alama ya vema, akatoka mbio.

Kesho yake alisahau. Keshokutwa yake akakumbuka, lakini Mama alikuwa ameshaliona daftari na kumsifu mbele ya jirani. Ikawa vigumu kusema.

Waliondoka Jumanne alfajiri. Bibi alikaa mbele, mguu ameunyoosha juu ya mto. Kila baada ya saa moja na nusu Mama alisimamisha gari, Bibi akashuka na kutembea kidogo. Hayo yote yalikuwa kwenye ratiba. Ambacho hakikuwa kwenye ratiba ni Kwanini.

Kwenye mashamba ya chumvi alitaka kujua kwa nini maji yamekatwa vipande kama biskuti. Mama mmoja aliyekuwa akikusanya chumvi kwa reki ndefu akamwita aone. Akamweleza jinsi jua linavyonyonya maji na kuacha chumvi, akamwekea chembe moja kubwa ulimini. Kwanini akakunja uso, wote wakacheka. Bi Ratiba peke yake alikuwa akitazama saa.

"Mama, tumechelewa dakika arobaini."

"Tumechelewa kwa nani?" Mama aliuliza. "Bahari haihami, mwanangu. Mpango wa safari uuache upumue. Pakitupendeza tukae, pakituchosha tuondoke."

Nyumba ya kwanza ilikuwa kama walivyoahidiwa. Bibi aliingia chumbani bila kupanda hata ngazi moja, akalala vizuri.

Siku ya pili mambo yalibadilika. Goti la Bibi lilianza kuvimba kwa sababu ya kukaa muda mrefu. Hakulalamika, lakini kila gari liliporuka kwenye shimo, alishika kiti kwa nguvu. Saa sita mchana walipita kijiji chenye nyumba ndogo ya wageni, vyumba vyote vikiwa chini, milango ikitazama bahari. Mama akapunguza mwendo.

"Tulale hapa leo? Bibi yenu amechoka."

"Tunatarajiwa kule mnarani, Mama," Bi Ratiba alisema haraka. Akilini alikuwa akiiona ratiba yake ikivurugika.

Mama alimtazama kwenye kioo. "Chumba cha chini kipo kweli? Una uhakika?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Neno moja tu lilitoka, na lilitoka lenyewe.

"Ndiyo."

"Basi haya. Bora tufike mara moja, apumzike." Mama akakanyaga mafuta.

Bibi aligeuka nyuma, akatabasamu ingawa uso ulikuwa umemsawijika. "Wenzangu wanatafutiwa vyumba na watu wazima. Mimi nimetafutiwa na mjukuu wangu. Leo nalala kama malkia."

Bi Ratiba alitamani ardhi ipasuke immeze.

Saa nane walifika kwenye jabali. Mawimbi yaliingia pangoni chini, kisha maji yakaruka juu kupitia tundu kwa kishindo, kama nyangumi anayepiga chafya. Kwanini alipiga kelele za furaha kila mara. Mama alikwenda naye karibu na ukingo wenye kizuizi cha chuma. Bibi hakuweza kushuka. Bi Ratiba alibaki naye garini.

"Nenda ukaone, mama. Usikae na kikongwe."

"Nimeshaona, Bibi."

"Umeona nini, nawe umeinamia viatu vyako tangu tufike?" Bibi alilisugua goti lake taratibu. "Hata hivyo, zimebaki saa mbili tu. Nitavumilia. Nikijua mwisho wa safari kuna kitanda, navumilia."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angegombezwa. Bi Ratiba alifungua mlango, akamfuata Mama kwa miguu mizito. Alipofika, alisema yote kwa pumzi moja, asije akaogopa katikati.

"Mama, nyumba ya pili sikuongea nao. Nilipiga hawakupokea. Niliweka vema hivihivi. Na leo uliponiuliza nikakudanganya."

Mama alimvuta Kwanini kutoka ukingoni, akamshika mkono. Pango lilitema maji mara mbili. Kwanini mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu safari ianze, hakuuliza kwa nini.

"Simu hii hapa," Mama alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Piga."

Safari hii walipokea. Mwanamume mmoja alisema kwa uchangamfu kwamba wageni wanakaribishwa, vyumba vipo.

"Vya chini vipo?"

"Aa, chini ni ukumbi wa chakula na stoo. Vyumba vyote viko juu. Mandhari yake sasa!"

"Ngazi ni ngapi?"

"Ngazi? Ishirini na tatu."

Bi Ratiba aliirudisha simu, machozi yakimlengalenga. Mama alivuta pumzi ndefu. "Kulia hakutampatia Bibi yako kitanda. Tunafanyaje?"

"Turudi kule tulikopita?"

"Namba yao unayo?"

Hakuwa nayo. Lakini karibu na kizuizi alikuwapo mwanamke mmoja mpiga picha, kamera shingoni, aliyewapiga wageni picha mbele ya pango. Bi Ratiba alijipangusa uso kwa kiganja, akamwendea. Alimwamkia, akamweleza shida yao bila kuficha. Mpiga picha alimpa namba mbili: ya nyumba ile waliyoipita, na ya mwalimu mmoja mstaafu, anayepangisha vyumba nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa mbele.

Ile ya kwanza ilikuwa imejaa. Kundi la wapima barabara lilikuwa limeingia saa saba. Bi Ratiba aliuma midomo, akapiga ya pili.

"Shikamoo, Mwalimu. Tunatafuta chumba cha mgonjwa wa goti. Je, kuna ngazi?"

"Marahaba. Ngazi hamna, nyumba yangu ni ya chini."

Siku nyingine angeshukuru na kukata simu. "Samahani, Mwalimu. Kutoka gari linaposimama mpaka kitandani, kuna kizingiti? Kuna mahali pa kuinua mguu?"

Upande wa pili mwalimu akacheka. "Umeniweza! Subiri nitoke nje nihesabu." Zikasikika ndara zikiburuzwa, na sauti ikihesabu moja, mbili, tatu. "Hatua kumi na tisa. Kizingiti kimoja, kifupi kama kitabu. Nitaweka ubao juu yake. Njooni."

Bi Ratiba alirudi garini. Jambo gumu lilikuwa bado. Alifungua mlango wa Bibi, akapiga magoti kwenye changarawe, akamwambia ukweli wote. Bibi alimsikiliza, mkono wake ukiwa juu ya goti.

"Kumbe leo kidogo ningelala chini ya ngazi kama mzigo wa mkaa," alisema. Kisha akamshika kidevu. "Umeniumiza, mjukuu wangu. Sitakuficha. Lakini umekuja mwenyewe kuniambia, tena mapema, jua lingali juu. Nimekusamehe. Haya, twende kwa huyo mwenye ubao."

Nyumba ya mwalimu ilikuwa na varanda pana na bustani iliyoshuka taratibu hadi mchangani. Saa kumi alasiri Bibi alikuwa ameshajilaza, taulo la maji baridi likiwa gotini. Saa kumi na moja uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, na alishaanza kumkosoa mwalimu jinsi mapazia yake yalivyoshonwa. Kwanini alikuwa pwani akikimbiza kaa.

Mama alimwita Bi Ratiba varandani, akamketisha kando yake.

"Unajua kazi yangu," alianza. "Nikiwa barabarani na mgonjwa, mwenzangu ananiambia kwa redio barabara fulani iko wazi. Mimi siendi kuchungulia kwanza. Nageuza usukani palepale. Siku moja mtu aliniambia iko wazi, kumbe hakutazama, alidhani tu. Nikakuta lori limeanguka katikati ya njia. Tulipoteza dakika kumi na tano na mtoto anayepumua kwa shida."

"Alipona?"

"Alipona. Lakini dakika zile sijazisahau. Alichokosea yule si kutojua. Angesema 'sijui', ningepita njia nyingine." Mama alimwekea mkono begani. "Mpango wetu umepinda tangu jana, na hakuna aliyedhurika. Tumechelewa kwenye chumvi, tumeuacha mnara, tunalala mahali ambapo hatukupapanga. Safari ni hivyo. Mpango unaweza kupinda, ila neno lako lisipinde. Watu wanaegemeza uzito wao juu yake, hasa wale wasioweza kusimama wenyewe. Kama hujauliza, sema hujauliza. Hakuna atakayekucheka."

"Nimekosa, Mama. Sitarudia."

"Najua. Na yale maswali uliyomwuliza mwalimu kuhusu kizingiti, hata mimi nisingeyakumbuka."

Kabla Bi Ratiba hajajibu, simu ya Mama ililia. Alikuwa Baba. Nyuma yake zilisikika nyundo na mlio wa chuma kikikatwa. Mama alimpa binti yake simu.

"Bi Ratiba wangu!" Baba alisema kwa kelele. "Kesho mtafika saa ngapi? Nataka niombe ruhusa nije kuwapokea barabarani."

Alifungua mdomo aseme saa saba na nusu, kama alivyoandika. Akatazama dirisha la chumba cha Bibi. Akatazama barabara, iliyopotea nyuma ya kilima ambacho hakuwahi kukipita.

"Sijui, Baba," alisema. "Asubuhi tutaangalia goti la Bibi kwanza. Tukishaondoka nitakupigia, nikwambie tulipofika kweli."

"Sawa, mwanangu," Baba alijibu. "Hilo nalisubiri."