Mbona Leo Huchezi

Rafiki yangu Bibiana, mfanyabiashara kutoka Moshi, alikwenda kununua magauni ya jumla kwenye mtaa wa Zhanqian Road, Guangzhou, China, miezi miwili baada ya kumzika mdogo wake, Joyness. Katika duka moja akaikuta ikipigwa albamu ya dansi ya mwimbaji wa Kijapani, ileile waliyoicheza pamoja sebuleni hadi Joyness alipolazwa. Akasimama pale, machozi yakimtoka.

Ghafla umeme ukakatika. Muziki ukanyamaza, giza likajaa, lakini miguu ya mtu ikasikika ikiendelea kucheza karibu naye.

“Joyness?”

Miguu ikatulia. Mtu akahema sikioni mwake.

“Dada, mbona leo huchezi?”

Taa zilipowaka, hakukuwa na mtu karibu naye. Kwenye vigae kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, zimelowa, zimevizunguka viatu vya Bibiana.