Kibanio cha Sura ya Tisa

Kila Jumamosi Marit Salonen aliamka bila kuamshwa. Alitandika kitanda, akanywa uji wake, akavaa buti nzito na kushika njia ya maktaba, theluji ikilia kwachu kwachu chini ya miguu. Baridi ya Thunder Bay, mji wao huko Kanada, ilimng'ata masikio, lakini hakujali. Jumamosi ilikuwa siku ya chama chao, chama cha watoto waliopenda Ngome ya Majivu.

Ngome ya Majivu ulikuwa mchezo wa kompyuta wenye wafalme, mazimwi na vita visivyokwisha, na hadithi zake ziliandikwa katika vitabu vinene. Wanachama walivisoma, kisha wakabishana mpaka koo zikakauka: nani alimuua nani, kwa nini, na kama damu yote ile ilihitajika. Yaliyokubaliwa yaliandikwa katika Daftari Kuu pamoja na nambari ya ukurasa. Asiyetaja ukurasa hakuandikiwa kitu.

Siku hiyo wangemchagua mtunza daftari mpya. Marit alikuwa na miaka kumi na miwili na mwandiko mzuri kuliko wote. Aliitamani kazi hiyo hata akaiota usingizini.

Bi. Hautala, mkutubi, alikuwa ameshapanga viti na kukata maandazi yaliyopakwa sukari ya rangi ya waridi. Mama huyu alikuwa na desturi yake. Sura yenye kutisha sana aliifunga kwa kibanio cha nguo, kurasa zote pamoja, ili msomaji asiiangukie bila kujua. Aliyetaka kuisoma alikitoa kibanio mwenyewe, na akimaliza alikitumbukiza katika kopo la buluu lililokaa mezani. Aliyeogopa alikiacha mahali pake, na hakuna aliyemuuliza neno.

Marit alipofika alikitumbukiza chake. Kikalia ko!

"Wacha wee!" alisema Desmond, rafiki yake na mpinzani wake katika kura ya siku hiyo. "Umeimaliza sura ya tisa?"

"Kwani ni nini?" Marit alijibu. "Niliisoma huku natafuna mkate. Haitishi hata kidogo."

Ukweli ni kwamba alisoma kurasa mbili tu. Zimwi la Kisimani lilipoanza kuwaita watoto kwa sauti za mama zao, alikifunga kitabu na kukisukuma chini ya kitanda. Yaliyobaki aliyaokota mtandaoni, katika mazungumzo ya wapenzi wa mchezo.

"Haya, wanangu," alisema Bi. Hautala. "Je, sura hii ingeweza kuandikwa bila ukatili wake?"

"Haiwezekani," alisema Desmond. "Tusipoona linachofanya, tutaliogopaje?"

"Mimi nalihurumia," alisema Marit. "Linameza watoto kwa sababu mfalme alimtupa mwana wa zimwi hilo kisimani."

Desmond akakuna kichwa. "Hilo sikuliona. Ukurasa wa ngapi, dada?"

"Nimesahau. Tafuta mwenyewe, si una macho?"

Watoto wakaangua kicheko. Anouk hakucheka. Huyu alikuwa mdogo wake Desmond, mwenye miaka tisa, na kwa wiki tatu alikuwa amekipakata kitabu chake bila kukigusa kibanio.

"Kumbe mwoga ni mimi peke yangu," alisema polepole. "Basi leo naisoma. Naanza sasa hivi."

Vidole vyake vikashika kibanio.

Marit akazikumbuka zile sauti za kisimani. Akamwona akilini Anouk kitandani usiku, amejifunika gubigubi, hana wa kumwambia. Akalitazama Daftari Kuu. Kisha akanyoosha mkono, akaufunika mkono wa Anouk.

"Usikitoe, mdogo wangu," alisema. "Nimedanganya. Niliishia ukurasa wa pili. Niliogopa sana."

"Na yule mwana wa zimwi?" Desmond aliuliza.

"Kuna mtu alikisia tu mtandaoni, nami nikalisema kana kwamba limeandikwa kitabuni."

"Ala! Nami nilikuwa nakaribia kununua miwani!" Desmond akacheka, kisha akashusha sauti. "Basi na mimi niseme yangu. Niliisoma jikoni, mchana kweupe, mama akikaanga samaki. Na bado nilimwomba asitoke."

Safari hii Anouk alicheka kuliko wote.

Ilipofika kura, Desmond ndiye aliyechaguliwa. Marit alimnyooshea mkono kumpongeza. Kisha alikwenda kwenye kopo la buluu, akatoa kibanio chake na kukirudisha penye sura ya tisa.

Bi. Hautala akamsogezea kipande cha andazi kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.

"Kuogopa hadithi si aibu, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nilinunua vibanio. Lakini ukijisifu kwamba umefika mahali ambapo hukufika, anayekuamini atakufuata, na huko atajikuta peke yake. Leo umemrudisha mwenzako njiani. Hilo ni kubwa kuliko daftari."

Anouk akavuta kiti chake mpaka kikagusana na cha Marit.

"Siku tukiisoma, tuisome pamoja?"

"Mchana," alisema Marit.

"Tena jikoni kwetu," alisema Desmond, mdomo umejaa andazi. "Nitamwambia mama anunue samaki."