Tarumbeta la Doreen

Skrini ya ndege ilizimika wakiwa juu ya Ziwa Michigan, ndani ya wingu. Arlo Tveit akageukia skrini ya akiba. Nayo ilikuwa nyeusi tii. Injini iliendelea kunguruma, kwa kuwa cheche zake hazikutegemea betri.

"Zote mbili?" aliuliza Doreen, mkewe, aliyeketi kando yake.

"Nilizipitisha kwenye swichi moja. Nilitaka nyaya zikae nadhifu."

Ndege hiyo waliiunda wenyewe katika gereji yao kule Wisconsin, na ugomvi wao mkubwa ulihusu kifaa cha akiba. Arlo alitaka skrini pacha. Doreen akaenda gulio la marubani, akarudi na kipimo cha kizamani chenye mshale unaoonyesha ndege ikigeuka. Kiliendeshwa na upepo uliopita kwenye bomba la ubavuni, basi. Bomba hilo Arlo aliliita tarumbeta. Lilimharibia rangi ya ndege yake, na aliapa kuling'oa wakitua tu ng'ambo, jimbo la Michigan. Bisibisi alikuwa nayo mfukoni.

Nje kulikuwa na weupe mtupu, usio na juu wala chini. Arlo alijisikia raha ya ajabu, kama mtoto anayebembelezwa, na kiusingizi kitamu kikamnyemelea.

"Arlo, tunageuka! Mshale umelala kushoto."

"Hicho kikopo chako kinadanganya. Mbona nahisi tuko sawa?"

"Mwongo ni mwili wako, mzee. Sikiliza huo upepo. Tunaporomoka!"

Kweli, upepo ulikuwa ukipiga mluzi mlangoni, na ukizidi. Arlo aliogopa, akaogopa hasa. Akalaza usukani kulia, ingawa kila mfupa wake ulimwambia anaipindua ndege.

"Bado... bado kidogo... hapo! Tulia hapo hapo. Sasa inua pua, polepole."

Mluzi ukafifia.

"Dira?"

"Mashariki. Twende."

Wakaenda hivyo, yeye akishika usukani, mkewe akisoma mshale, kana kwamba wote wawili wanaota ndoto moja. Kisha wingu likachanika, wakaona mchanga wa ufukweni na mashamba ya miti ya cheri nyuma yake. Arlo akalia bila kuona haya.

Walipotua, Arlo alitoa bisibisi na kuliendea bomba.

"Haya, ling'oe," alisema Doreen, mikono kiunoni. "Si uliapa?"

Arlo akaishika skurubu ya kwanza, akaikaza. Kisha akaikaza ya pili.